Shajara ya mradi: intaneti ya kutegemewa ndani ya mashua, kutoka Kisumu hadi kisiwa cha Takawiri

Jumamosi, 11 Januari 2025, Kisumu

Leo tumeianza kazi ambayo tumekuwa tukiiahirisha tangu mashua ilipopandishwa nchi kavu mwaka jana kupakwa rangi. Mashua yenyewe ni ya mbao, urefu wake ni futi 26, ina mlingoti wa mita 8, injini ndogo ya kuning'iniza tezi, yaani nyuma, na chumba ambamo watu wawili hulala wakikunja magoti. Mimi na mke wangu huitumia kusafiri katika Ghuba la Winam, mkono wa Ziwa Viktoria unaofika Kisumu, na visiwa vilivyo nje yake, wakati mwingine siku tatu, wakati mwingine kumi. Mimi hutunza hesabu za vyama viwili vya ushirika, naye huhariri vitabu vya shule, na wanaotupa kazi hizo hawajali tumetia nanga wapi mradi faili zimewafikia jioni ile ile waliyoahidiwa. Mpaka sasa tumekuwa tukitegemea simu mbili za mkononi na kusimama juu ya sitaha tukiwa tumeinua mikono kama watu wanaoomba mvua.

Kabla ya kununua hata msumari, tumekaa na kukubaliana maana ya neno "kutegemewa", kwa sababu neno hilo lisipowekewa mipaka litatumaliza fedha. Hatutafuti kasi ya kutazama filamu. Tunataka utabiri wa hali ya hewa upatikane kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na tena kabla ya saa tisa alasiri. Tunataka barua pepe yenye kiambatisho cha megabaiti tano iondoke ndani ya dakika kumi. Na tunataka ujumbe mfupi uweze kutoka saa yoyote ya mchana au usiku popote tulipotia nanga. Nimeandika programu ndogo kwenye tarakilishi kuukuu ambayo kila saa itajaribu kutuma ujumbe mmoja na kuweka alama ikiwa umefika au haukufika. Saa itakayokosa ujumbe tumeipa jina la saa bubu, na kazi yote ya mradi huu ni kupunguza saa bubu.

Utabiri nimeutanguliza kwa makusudi. Ziwa hili lina tabia yake: usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, na adhuhuri ikipita hugeuka na kuvuma kutoka ziwani kuelekea Kisumu, na mara nyingi jioni huja na radi kutoka upande wa milima ya Nandi na Kericho. Maji ya ghuba hayana kina kirefu, kwa hiyo mawimbi yake huwa mafupi na makali, nayo mashua ndogo huumia zaidi kwa mawimbi hayo kuliko kwa mawimbi makubwa yaliyolala. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri mahususi wa ziwa, lakini utabiri usiofika ndani ya mashua haumsaidii nahodha.

Jumapili, 19 Januari, Kendu Bay hadi Homa Bay

Tumefanya safari ya kupima. Simu kuukuu yenye programu ya kuonyesha nguvu ya mawimbi ya mtandao imekuwa mezani siku mbili, nami nimekuwa nikiandika namba kila baada ya kilomita tano hivi. Namba hizo hupimwa kwa desibeli na huwa chini ya sifuri: 80 chini ya sifuri ni mtandao wa raha, 110 ni wa kubahatisha, na zikifika 120 simu huwa imekata tamaa.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba juu ya maji mawimbi ya mtandao husafiri mbali kuliko nilivyodhani, kwa kuwa hakuna miti wala nyumba za kuyazuia. Kinachoyakata ni mviringo wa dunia na milima. Mnara wa mita 40 ulio ufuoni na antena iliyo mita moja na nusu juu ya maji huweza kuonana kwa takriban kilomita 31, na antena hiyo ikipandishwa hadi mita 7 umbali huo hufika kilomita 37 hivi. Jambo la pili ni mlima. Tulipokuwa tukiizunguka rasi ya Mlima Homa, minara ya upande wa kusini ilipotea yote kama mtu aliyefunga mlango, na kwa muda wa saa nzima mtandao wetu ulitoka ng'ambo ya pili, upande wa Asembo. Aliyekuwa amelala chumbani hakupata kitu. Aliyesimama juu ya sitaha aliweza kupiga simu.

Tofauti hiyo ya chumbani na juu ndiyo iliyonifanya nijaribu jambo ambalo nimewahi kuwaona wavuvi wa omena wakilifanya. Tulikata shingo ya chupa ya plastiki, tukaitia simu humo, tukaifunga kwa utepe, tukaipandisha kwa kamba ya tanga mpaka mita 7. Chumbani ilikuwa imesoma 117 chini ya sifuri. Juu ya mlingoti ilisoma 101. Desibeli 16 zinaonekana chache mpaka mtu akumbuke kwamba kila desibeli 10 ni mara kumi: simu ile ile, mahali pale pale, ilikuwa ikipokea nguvu mara arobaini zaidi kwa sababu tu ilikuwa imepanda juu. Mke wangu alisema tungeweza kuumaliza mradi hapo kwa gharama ya chupa moja. Sikuwa na jibu zuri.

Jumamosi, 25 Januari, Kisumu

Wiki hii imekwisha kwa kulinganisha vifaa. Nilikuwa nimependezwa na antena ndefu ya kufunga kileleni pamoja na mita kumi za kebo nyembamba ya kuishusha mpaka ruta (kifaa cha kunasa na kugawa intaneti) iliyo chumbani, kisha nikafanya hesabu. Kebo nyembamba ya kawaida hupoteza karibu nusu desibeli kwa kila mita katika masafa ya megahezi 900, na hupoteza zaidi masafa yanapopanda. Kwa mita kumi ni desibeli tano, maana yake ni kwamba kilichonaswa juu hufika chini kikiwa thuluthi moja. Ningelipa fedha za antena kubwa ili kebo iile. Kwa hiyo tumeamua kugeuza mpango: ruta yenyewe itapanda mlingotini ndani ya kisanduku kisichoingia maji, antena zake mbili zitakuwa na kebo za sentimita 30 tu, na kitakachoshuka chini ni waya mmoja wa mtandao unaobeba data na umeme kwa pamoja, kwa kuwa data iliyo katika waya wa namna hiyo haidhoofiki kwa urefu wa mashua.

Ruta tuliyoichagua hubeba laini mbili za simu. Laini hizo tumezichukua kwa kampuni mbili tofauti, kwa sababu laini mbili za kampuni moja hufa pamoja.

Tumekubaliana pia kwamba setilaiti itakuwa njia ya tatu, wala haitakuwa ya kwanza. Wakazi wa huku tuna sababu ya kutoweka matumaini yote angani: mwaka 2020 baluni za Loon zilielea kilomita 20 juu ya magharibi na kati ya Kenya, Kisumu na Nakuru zikiwemo, zikitoa mtandao wa simu, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikafungwa. Minara ya ufuoni ilikuwapo kabla yake na ipo mpaka leo.

Jumamosi, 8 Februari, Kisumu

Mlingoti umelazwa, kisanduku kimefungwa, mlingoti umesimamishwa. Kazi yenyewe ingechukua asubuhi moja, lakini gugu maji lilisukumwa na upepo usiku likatuzingira, kwa hiyo tulikuwa na siku nzima ambayo hatukuiomba. Matundu yote ya waya yamewekwa chini ya kisanduku, hakuna hata moja juu, na kila waya umepindishwa kushuka kidogo kabla ya kupanda na kuingia, ili maji ya mvua yadondokee kwenye pindo hilo badala ya kuufuata waya hadi ndani.

Mtego wa siku umekuwa katika mipangilio ya ruta. Kiwandani huwa imeelekezwa kuhama laini pale tu mnara unapopotea, lakini tabu ya kawaida ya ghubani ni nyingine: mnara upo, alama za mtandao zimejaa, ila data haipiti. Ruta iliyoridhika na alama itakaa hapo hadi asubuhi. Nimeielekeza ijaribu kufikia anwani mbili za mbali kila baada ya sekunde 30, na ikishindwa mara tatu mfululizo ihamie laini ya pili, ikae huko dakika 20 kabla ya kuijaribu tena ya kwanza. Mwanzoni nilikuwa nimeweka dakika mbili, ikawa inaruka huku na huko kama tumbili, na kila ikiruka barua inayotumwa hukatika katikati. Nimeizima pia ruhusa ya kutumia mitandao ya nchi jirani, kwa kuwa karibu na mpaka wa Uganda laini hujishikiza kwenye mnara wowote wenye nguvu, na malipo yake hujulikana baadaye.

Jumamosi, 22 Februari, Kisumu

Sahani ya setilaiti imefika. Ni ile ndogo ya Starlink, huduma iliyoanza nchini Kenya mwezi Julai 2023. Setilaiti zake huzunguka kilomita 550 hivi juu yetu, ilhali zile za zamani zinazoonekana kama zimesimama angani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ndiyo maana zile za zamani huchelewesha neno kwa zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na hizi za karibu hazikawii hivyo. Malipo ya nyumbani hufungwa kwenye anwani moja, kwa hiyo tumelipia mpango wa wasafiri.

Sahani hutaka kuona anga kwa upana, na mlingoti ukiwa mbele yake hukata mawasiliano kwa vipindi vifupi vinavyoudhi. Baada ya kuijaribu omo, yaani mbele, na juu ya paa la chumba, tumeifunga tezi kwenye fito mbili za mabati, juu kidogo ya kichwa cha anayeshika usukani. Mchana wote wa leo imefanya kazi bila dosari. Faili ya megabaiti tano iliondoka kabla sijaweka kikombe mezani.

Jumapili, 2 Machi, ghubani, karibu na Kisiwa cha Ndere

Sahani hufa kila jioni. Imefanya hivyo Ijumaa, jana na leo: mchana inafanya kazi, jua likishatua inazimika, inawaka, inatafuta setilaiti, inazimika tena. Nimepoteza siku mbili nikilaumu anga. Kwanza nililaumu mawingu ya jioni, kisha nikajishawishi kwamba usiku setilaiti hupungua upande wetu, dhana ambayo naiona aibu hata kuiandika. Saa bubu hazikuwa nyingi kwa sababu laini za simu zilishika, lakini njia ya tatu isiyofanya kazi usiku haina maana, kwa kuwa usiku ndipo tunapoihitaji.

Jumamosi, 8 Machi, Kisumu

Kisa kimejulikana, na anga haina hatia. Fundi wa umeme wa magari anayetuhudumia alipanda mashuani, akaomba sahani iwashwe na paneli ya sola ifunikwe kwa turubai, kisha akapima volti mahali pawili. Kwenye betri palikuwa na volti 12.3. Kwenye plagi ya sahani, mita saba nyuma, palikuwa na 11.6. Sahani hiyo hukubali umeme wa kuanzia volti 12 hadi 48, na chini ya 12 hujizima. Mchana paneli huisukuma betri mpaka volti 13 na zaidi, kwa hiyo hata baada ya kupungua njiani zilikuwa zikibaki za kutosha. Jua likitua, hapakuwa na ziada ya kupoteza.

"Mzee, waya huu ni wa balbu," aliniambia huku akiusokota kati ya vidole viwili. "Umembebesha mbuzi mzigo wa punda."

Nilifanya hesabu baadaye, hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, mita saba kwenda na saba kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.16. Sahani ikila wati 40 kwa volti 12 huvuta ampea zaidi ya tatu, na waya peke yake humeza zaidi ya nusu volti. Kiasi kilichosalia kilipotelea kwenye kishikio cha fyuzi kilichoshika kutu ya kijani, ambacho nilipokigusa kilikuwa na joto la kikombe cha chai.

Tumefanya mambo matatu. Waya umebadilishwa kuwa wa milimita mraba 4. Kishikio cha fyuzi ni kipya na kimepakwa grisi. Na karibu na betri tumefunga kipandisha volti kinachotoa 24, kwa kuwa volti zikiongezeka maradufu ampea hupungua kwa nusu, na upotevu wa njiani sasa ni sehemu ya kumi ya volti, tena katika 24 badala ya 12. Usiku wa leo sahani imewaka saa nne mfululizo huku betri ikiwa imeshuka hadi 12.1. Nimemlipa fundi alichotaka na nikamwongezea.

Jumamosi, 15 Machi, Kisumu

Umeme sasa. Betri yetu ni ya ampea-saa 100 kwa volti 12, yaani wati-saa 1,200, na kwa kuwa ni ya risasi na tindikali hatutaki kuishusha chini ya nusu. Tunazo 600 za kutumia. Sahani ikila wastani wa wati 30 usiku na mchana ingehitaji 720 kwa siku, kiasi ambacho hatuna. Ruta ya mlingotini hula wati 8, yaani 192 kwa siku. Paneli yetu ya wati 100 hutupatia, baada ya upotevu wote, chini kidogo ya wati-saa 400 siku ya jua zuri, na siku ya mvua haifiki nusu ya hapo. Kwa hiyo ruta itawaka daima, na sahani itawashwa kwa swichi: kwa muda wa saa moja alfajiri, muda wa saa mbili jioni, na wakati wowote laini zote mbili zikinyamaza.

Jambo jingine la wiki hii halikuwa katika hesabu zozote. Ruta ilianza kujizima adhuhuri kwa joto, nikapanda mlingoti kwa kiti cha kamba na kufungua kisanduku. Kitundu cha hewa nilichokiacha kilikuwa kimezibwa na nzi wa ziwani, wale wadogo wasiouma wanaoinuka juu ya maji kama moshi mwezi unapoandama. Walikuwa wameingia kwa mamia, wakafa, wakashikamana na kuwa kitu kama ugali mweusi wenye harufu ya samaki, na juu ya ugali huo buibui wawili walikuwa wameshajenga. Tundu sasa lina wavu wa chandarua wenye tabaka mbili, na kisanduku kimepakwa rangi nyeupe. Joto la ndani limeshuka vya kutosha. Tangu Jumatano ruta haijajizima.

Jumamosi, 5 Aprili, tumerejea Kisumu

Siku saba za jaribio zimekwisha. Tuliondoka Machi 29, tukalala Kendu Bay na Homa Bay, tukapita mlango wa bahari ulio kaskazini mwa Rusinga kwa kuwa hatukutaka kuujaribu mlingoti wetu chini ya daraja la Mbita, tukakaa usiku mbili Takawiri na mmoja magharibi mwa Mfangano. Usiku wa Machi 30 hapakuwa na mwezi, na taa za wavuvi wa omena zilijipanga upande mmoja wa upeo kama mji usiokuwapo mchana. Mke wangu alituma sura mbili za kitabu cha darasa la tano katikati ya giza hilo kwa kutumia laini ya simu, na sahani ikiwa imezimwa.

Kati ya saa 168, saa bubu zilikuwa saba. Nne zilikuwa magharibi mwa Mfangano, ambako mlima wa kisiwa umesimama kati yetu na minara ya bara: ruta ilinyamaza saa sita usiku, nasi tulikuwa tumelala, kwa hiyo hapakuwa na wa kuiwasha sahani. Mbili zilikuwa Homa Bay wakati wa radi, tulipochomoa nyaya zote kwa hiari yetu na kuzitia simu na tarakilishi ndani ya sufuria kubwa yenye kifuniko. Sidai kwamba sufuria ni kinga kamili, lakini radi iliyotua majini mbele yetu ilinifanya niione ya thamani. Moja ilitokana na bando kumalizika muda wake usiku wa manane huku laini ya pili ikiwa haijalipiwa, na kosa hilo ni langu peke yangu.

Kosa la bando nimelitibu kwa kulipia laini ya pili siku tatu kabla ya ya kwanza kuisha, na kwa karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya kabati la vikombe, kwa sababu kabati hilo hufunguliwa kila siku. Saa nne za Mfangano zinahitaji kifaa: relei ndogo itakayowasha sahani yenyewe endapo ruta itakosa njia kwa dakika 15, na kuizima mtandao wa simu ukirudi au betri ikishuka hadi volti 12. Programu yake nimeshaiandika na imefanya kazi mezani. Relei imeagizwa, na fundi ameahidi kuja Jumamosi ijayo, akiwa na sharti moja kwamba nyaya atazinunua yeye mwenyewe.